Waliniandika Kwenye Mashada

Mama Anaeli, jirani yangu,

Huku Kikatiti tupo. Mvua imechelewa na mahindi ya upande wa chini yamesinyaa, lakini migomba yako imesimama vizuri, na nimeshawaonya wote kwamba atakayekata hata jani moja bila kuniuliza tutaonana. Nakuandikia kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo usiucheke mwandiko. Neno likinigomea naacha nafasi, nakwenda kuwamwagia kuku pumba, na nikirudi mara nyingine nalikuta limeshakuja. Barua hii ina wiki ya tatu sasa. Karatasi hainimalizii sentensi, ndiyo maana naipenda.

Kabla ya yote nataka nikushtakie binti yako.

Siku ya mazishi yako waliniandika kwenye mashada. Wewe ulishasema. Ulimwambia Anaeli kwenye simu, kwa kinywa chako, umelala na kile kichomi kilichokuondoa, kwamba salamu za majirani atatoa Mama Gadi. Nilikuwa nimekaa miguuni pako, nilikusikia, na yeye akaitikia, "Sawa, mama." Lakini ratiba ilipotoka imechapwa, pamoja na ile picha yako ya kitambulisho uliyokuwa ukiichukia, salamu za majirani zilikuwa za mwenyekiti wa kitongoji. Mimi nilijikuta chini kabisa: mashada, majirani, Mama Nanyaro na Mama Gadi. Shada halihitaji maneno. Mtu anaitwa jina, anainama, anaweka, anarudi kukaa. Walinitafutia kazi inayomfaa bubu.

Niliumia, Mama Anaeli. Sitakuficha. Mtoto wako alikuwa amesafiri kutwa nzima kutoka Dar, macho yamevimba, akanishika mabega akaniambia, "Mama, sitaki watu wakushangae mbele ya kaburi." Gadi wangu naye akadakia, "Mama, usijitese." Wote wawili wananipenda, hapo ndipo ubaya ulipo. Nikasema hapana. Nikasema tena hapana. Wakadhani nakataa hata hilo shada, wakataka kumpa Mama Nanyaro yote mawili! Nikanyamaza, maana mambo yalikuwa yanazidi kuharibika.

Nitakueleza nilichofanya. Lakini acha kwanza nikukumbushe tulikotoka, kwa sababu ukiwa hai ulikuwa hutaki kusifiwa. Mtu akianza tu kukushukuru unauliza kama ng'ombe wake amepata majani. Leo huna pa kukimbilia.

Unakumbuka nilivyokuwa. Miaka yote ile mnadani tumekaa bega kwa bega, wewe na ndizi zako, mimi na mitumba yangu. Sauti yangu ilifika mpaka barabara ya Moshi. Wewe maneno yako yalikuwa kumi kwa siku, na mengine yote uliniachia mimi niyatumie. Nilisema sana. Nilisema hata ya watu. Halafu asubuhi ile nimeshika blauzi ya njano, mteja ananiuliza kama kuna kubwa zaidi, nikafungua mdomo kumjibu na hakikutoka kitu. Wewe ndiye uliyenidaka. Blauzi ilibaki mkononi mwangu mpaka hospitalini mjini, nasikia waliitoa kwa kunifungua kidole kimoja kimoja.

Niliporudi nyumbani mkono umelala na maneno yameondoka, ulikuja na muwa. Hilo sijasahau! Ulijiaminisha kwamba ulimi wangu umelala kama mkono, kwa hiyo ukitafunishwa utaamka. Wiki mbili, asubuhi na jioni, ulinikalia mbele na kisu, unamenya, unanipa, "Tafuna, Mama Gadi, tafuna." Jirani mmoja akaongeza tangawizi, mwingine akaja na asali na kijiko cha kunisugulia. Taya liliniuma mpaka masikioni. Nilitaka kukwambia kwamba ulimi mzima kabisa, kilichopotea ni kitu kingine, lakini kitu hichohicho ndicho ningekwambia nacho.

Wakati huohuo Gadi akanichukua kwenda kwake Njiro, mjini. Mwanangu hana kosa. Nyumba ile ina vigae na geti na maji ya moto, na Neema mkwe wangu aliniogesha kama mama yake mzazi. Ila asubuhi wote wanaondoka kwenda kazini, dada wa kazi ananiwashia televisheni, na mpaka jioni hakuna mtu aliyenisemesha. Wageni wakija wanamuuliza Neema, mimi nipo palepale kwenye kochi: "Mama anakula vizuri? Mama analala?" Wengine walinipigia kelele wakidhani sisikii. Vile vineno viwili vitatu nilivyokuwa nimeanza kuvipata Kikatiti vikafia kule. Nililia sana Njiro, na walipoona nalia wakaongeza sauti ya televisheni nichangamke.

Ukaja na bajaji, na mkungu wa ndizi. Ulikaa ukaniangalia. Halafu ukamwambia Gadi, "Huyu simwachi hapa." Nilirudi nyumbani siku ileile nimeshikilia mkungu wa ndizi mapajani.

Kliniki ndiyo ilikubadilisha. Ulinipeleka mwenyewe, na yule binti wa mazoezi ya kuongea akakueleza kwamba ulimi hauna tatizo, maneno yapo, njia ya kuyatoa ndiyo imeharibika. Akasema nipewe muda. Niulizwe jambo moja moja. Nioneshwe vitu nichague. Nisimaliziwe. Binti alikuwa mdogo kuliko Anaeli, na wewe ulimsikiliza kama unasikiliza hukumu. Tulipotoka nje ukasema, "Nilikutesa na miwa." Ndiyo mara ya pekee nilikuona unatokwa na machozi. Nikakugonga na fimbo mguuni, nikacheka, ukacheka.

Basi ukawa askari. Kila aliyekuja kunisalimu ulipokea kikapu chake mlangoni ukakiweka chumba cha ndani. Watu walidhani ni heshima, kumbe ulitaka wasiweze kuondoka haraka. "Kaa kwanza," ndiyo ilikuwa salamu yako. Asiyekaa hakuongea na mimi. Na aliyekaa akaanza kunimalizia, ulimwangalia tu, na wewe kuangalia unajua. Nilikuwa nikihangaika kusema maji, mtu anasema "chai? uji? choo?", na wewe unasema polepole, "Mwacheni alitafute mwenyewe."

Watoto wa shule ndio walionifurahisha. Walikuwa wakipita kwenye uzio wananipa shikamoo huku wanakimbia, na mimi nabaki na marahaba yangu imenikwama kooni, wao wameshafika darajani. Siku moja ukatoka jikoni na unga mikononi ukawaita: "Rudini! Hajaitikia." Wakarudi. Wakasimama pale na mabegi yao, wanabadilisha mguu, mmoja anajikuna. Nadhani walichelewa kuhesabiwa namba shuleni siku ile. Lakini niliitikia. Kesho yake wakasimama bila kuitwa, na mpaka leo wanasimama. Mdogo wao mmoja ameifanya mchezo, anahesabu kwa vidole mpaka marahaba ifike.

Na mwinjilisti! Alikuja kuniombea, akaomba kwa sauti kubwa, alipomaliza akaniuliza kama nimepata nafuu. Nikajitahidi kusema asante. Likatoka "mjinga". Safi kabisa, herufi zote. Masikini alishtuka, na mimi nilitaka ardhi ipasuke. Wewe ukapiga makofi. Ukamwambia, "Mchungaji mdogo, hilo ni neno zima, tumshukuru Mungu." Tangu hapo yule kijana ananipenda kuliko waumini wote.

Lakini lililo kubwa kuliko yote ulilonitendea ni lile la jumuiya. Unajua jumuiya yetu inavyozunguka, kila Jumamosi asubuhi nyumba moja, kwa mpangilio wa njia. Kwako, kwangu, kwa Mama Nanyaro. Baada ya ugonjwa wakaanza kutoka kwako kwenda moja kwa moja kwa Mama Nanyaro. Waliruka geti langu. Kwa wema tu, nisisumbuke, na waliniletea sukari na sabuni. Nilikuwa nakaa dirishani nawaona wanapita na vitabu vyao vya nyimbo, wananipungia mkono. Sijawahi kujiona nimekufa kama Jumamosi zile. Sikuwa na njia ya kulalamika. Ulilalamika wewe. Ulisimama katikati ya ibada kwa Mama Nanyaro ukauliza, "Nyumba ya Mama Gadi imebomoka?" Ukakaa. Hapo nadhani ulikuwa umeshamaliza maneno yako kumi ya siku hiyo.

Wakaja. Mwenye nyumba ndiye anayefungua kwa maneno, unajua, na wote wakakukodolea macho wewe kana kwamba utanisemea. Ukaweka mikono mapajani ukaangalia sakafu. Chai ikapoa. Mtoto akalia akatolewa nje. Nami nikasema "Karibuni kwangu." Maneno mawili, na nadhani kipindi kizima cha ibada kiliishia hapo, lakini nilikuwa na nyumba tena. Nilikuwa mtu anayekaribisha watu.

Sasa turudi kaburini kwako.

Waliita mashada. Watoto, wakwe, wajukuu, ukoo, kwaya. Wakaita majirani. Mama Nanyaro akaweka lake akarudi nyuma. Mimi shada walikuwa wamenitundikia kwenye mkono wa kulia, fimbo iko kushoto. Nikafika ukingoni. Sikuinama. Nikaegemeza fimbo tumboni nikanyoosha mkono kwa yule anayeongoza ratiba, nikamwonesha kipaza sauti. Akasema kwa upole, na watu wote wanasikia, "Mama yetu amezidiwa na majonzi, vijana msaidieni." Vijana wawili wakanishika makwapani. Nikasema hapana, na Mama Anaeli, ilitoka na sauti yangu ya mnadani. Wakaniachia. Anaeli alikuwa ameweka mkono mdomoni. Nikapewa kipaza sauti, nadhani kwa woga.

Halafu hakikutoka kitu.

Niliyaona maneno. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi siku tatu na Neema, aliyekuja kwa msiba. Watu wakaanza kukohoa. Mtu akasema "pole mama" nyuma huko. Na kwaya, Mungu awabariki na wema wao, wakaanzisha wimbo ili kuniokoa. Nilijua wakifika kiitikio nimekwisha, nitaweka shada na kurudi, na ndivyo nitakavyoishi siku zilizobaki, mtu wa kuwekewa nyimbo juu yake.

Mama Nanyaro ndiye aliyeanza. Alikaa chini. Amevaa kitenge kipya cha msiba, udongo umelowa, na akakaa palepale, mikono mapajani. Kisha wanawake wote wa jumuiya, mmoja mmoja, wakakaa. Watoto wa shule wakakaa. Kwaya wakaangaliana, wimbo ukafia katikati ya mstari. Mwisho mchungaji akatafuta kiti. Wageni wa Dar hawakuelewa kinachoendelea lakini wakaona aibu kubaki wamesimama, nao wakachuchumaa na viatu vyao vizuri. Watu wote wale, mpaka nje ya uzio, wamekaa chini wananisubiri mimi. Gadi anasema ilikuwa dakika nne. Simbishii.

Nikasema, "Mama Anaeli alikaa." Nikapumua. Nikasema, "Alikaa na mimi."

Nilikuwa na neno moja zaidi, la kukushukuru, na hilo likakataa kabisa. Nikalisubiri, wakalisubiri, halikuja. Nikainama nikaweka shada. Hizo ndizo salamu za majirani ulizoletewa. Mwenyekiti wa kitongoji alipoitwa baadaye alisema yake yameshasemwa, akakaa.

Tangu uondoke mambo hayajasimama. Ng'ombe wako yupo kwa Mama Nanyaro, amezaa ndama jike. Baba Pendaeli wa kule karibu na mashine ya kusaga naye amepata kiharusi, mwezi uliopita, na hasemi kitu. Mkewe anamjibia kila swali kabla halijaisha. Nakwenda Jumanne na Alhamisi. Mara ya kwanza alinitazama kwa hasira akanigeuzia mgongo, na mimi nikakaa naangalia mgongo mpaka nikamaliza chai. Nilifurahi sana kumwona ana hasira. Jumuiya walianza kunong'ona kwamba nyumba yake ipumzishwe kwenye zamu, na nikanyoosha mkono. Ilinichukua muda, lakini nyumba ya Baba Pendaeli haikurukwa.

Na sasa nifute mashtaka yangu. Siku ya tatu baada ya kukuzika, viti vya kukodi vinapakiwa, Anaeli alikuja jikoni kwangu. Alivuta kigoda akakaa. Akasema, "Mama Gadi, nisamehe." Halafu akasema alichokuja nacho: kwamba yeye tangu akiwa msichana mdogo yuko bweni, kisha chuo, kisha Dar, na wewe kwenye simu ulikuwa unauliza kama amekula, halafu unakata. Akasema, "Simjui mama yangu. Wewe ndiye uliyekuwa naye. Niambie alikuwa mtu wa namna gani."

Fikiria! Kikatiti nzima yenye midomo yote ile, akaja kuniuliza mimi. Nilicheka mpaka nikaogopa atadhani nimechanganyikiwa. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Maneno yako kumi ya kila siku nilikuwa nayo yote mimi.

Nikamsimulia moja tu. Ile ya mwaka wa mvua kubwa, yeye ana surua, daraja limeondoka, na wewe ukamfunga mgongoni na khanga mbili ukavuka maji yanafika kifuani mpaka ukamfikisha kwa daktari. Nilimchorea mto kwenye majivu. Nilimwonesha maji yalipofika. Ilitoka asubuhi ikaenda mpaka saa kumi jioni, na hakunimalizia hata neno moja, ingawa nilimwona anavyouma midomo. Hakuwa anajua, Mama Anaeli. Ulimbeba namna ile na hukuwahi kumwambia. Alilia, akakoleza moto, akaniambia niendelee.

Sasa hivi anapiga simu kila Jumapili. Neema huja kutoka Njiro ananishikia, inakaa kimya muda mrefu katikati, na yeye hakati.

Lile neno lililonikataa kaburini limekuja leo asubuhi nikiwa nachambua maharage, nikakimbilia kalamu kabla halijaondoka tena. Asante. Asante kwa kukaa. Asante hata kwa miwa.

Nakuahidi mambo mawili. Baba Pendaeli nitamkalia mpaka aniambie kwa mdomo wake niondoke. Na Anaeli nitampa mama yake mzima, kidogo kidogo, kadiri Mungu atakavyonipa siku. Lala salama, jirani yangu. Jumapili hii nataka kumsimulia ile ya mtamba wako aliyeingia kanisani siku ya kipaimara akamlia askofu mashada ya madhabahuni. Nimemwambia itachukua jioni nzima. Amesema anayo jioni nzima.

Ni mimi,
Mama Gadi